Barabara Zinazotoka Owino: Safari za Siku Moja na Historia Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Likizo za shule zikifika, wazazi wengi hapa Kampala hujiuliza watoto wapelekwe wapi. Wenye uwezo huwapeleka Entebbe ufukweni, na wasio na uwezo huwaweka sokoni wasaidie kukunja nguo. Leo napenda kuzungumzia njia ya tatu isiyohitaji fedha nyingi, nayo ni safari ya siku moja, familia nzima, kutoka hapa Owino asubuhi na kurudi kabla ya Maghribi. Nchi yetu ni ndogo lakini imejaa watu wa kila namna. Katiba ya 1995 ilitaja makabila 56 ya asili, na marekebisho ya mwaka 2005 yakaifikisha idadi hiyo 65. Kilomita thelathini na tano tu kutoka sokoni utamkuta mama anayezungumza lugha iliyotokana na Kiarabu cha askari wa Sudan. Ukivuka mto Nile, mwendo wa saa mbili hivi, umekwishaingia Busoga na salamu zimebadilika.

Sikusudii kuandika juu ya mandhari tu. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na mwalimu huandamwa na maswali. Swali lililonifanya nishike kalamu liliulizwa na mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa miaka 11 ambaye baba yake anauza mivumba humu sokoni. Aliniambia: "Maalim, mbona Waislamu wengi ni madereva wa takisi, wachinjaji na wauza mivumba? Wenzetu shuleni wanasema sisi hatukupenda kusoma."

Hilo ni swali la historia, ndugu zangu, na mtoto yule alistahili jibu la historia. Sehemu kubwa ya jibu hilo ipo kando ya barabara zinazotoka hapa Owino, na mtoto anaweza kulifuata kwa macho yake.

Tuanzie tulipo

Kabla ya kupanda gari, mtoto ajue amesimama juu ya ardhi gani. Soko hili lilianzishwa mwaka 1971 kando ya mfereji wa Nakivubo. Watu wote huliita Owino, lakini jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Ni wangapi kati yetu tunaofungua vibanda vyetu kila asubuhi tunamjua Balikuddembe? Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa Mkatoliki, kiongozi wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Mwanga alipoamuru kuuawa kwa James Hannington, askofu wa Kianglikana, Balikuddembe alimlaumu mfalme wake uso kwa uso. Akauawa hapa hapa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885.

Muislamu anapojua kwamba anauza nguo mahali alipouawa mtu wa dini nyingine kwa kusema ukweli mbele ya mtawala, hapungukiwi na kitu. Atawaheshimu zaidi majirani zake wa kibanda cha pili. Na atakuwa tayari kusikia habari za Namugongo, ambazo nitazifikia.

Kutoka sokoni kwenda kilima cha Old Kampala ni mwendo mfupi kwa miguu, kwa hiyo safari ya kwanza haina hata nauli ya takisi. Hapo ndipo Lugard alipojenga ngome yake Desemba 1890, na hapo hapo leo upo Msikiti wa Kitaifa. Idi Amin ndiye aliyeanza mpango wa msikiti huo miaka ya 1970, ukakwama kwa miaka mingi, kisha Muammar Gaddafi wa Libya akagharamia kuumaliza. Ulifunguliwa rasmi Machi 2008. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Wapandisheni watoto, wazee wabaki chini wakipumzika. Juu pale mji wote unaonekana kama ramani: Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga na la Wakatoliki, Kasubi walikozikwa makabaka, na ng'ambo ile Kibuli na msikiti wake. Kila dini na kilima chake. Mtoto akiuliza nani aligawa vilima hivi, mwambie subiri, tutafika.

Barabara ya Hoima: Wamala na Kasubi

Hii ndiyo safari ninayoipendekeza iwe ya kwanza kwa gari, kwa sababu inajibu swali la Uislamu ulifikaje hapa. Shika njia ya Hoima mpaka Nansana, kisha ingia Wamala alikozikwa Kabaka Suuna wa Pili, aliyefariki mwaka 1856. Mwaka 1844 alifika katika baraza la Suuna mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim. Suuna alikuwa mtawala mkali, na siku moja alipokuwa akiamuru watu wauawe, Ahmed alisimama akamwambia kwamba watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, naye Kabaka ufalme wake umetoka kwa huyo huyo Mungu, hivyo hana haki ya kuwaua ovyo. Watu wa baraza waliogopa. Suuna hakumuua mgeni wake. Alimuuliza huyo Mungu ni nani, na inasimuliwa kwamba akaanza kufundishwa sura chache za Qur'ani.

Tazameni miaka. Mwaka 1844! Wamisionari wa Kianglikana wa kwanza walifika Buganda Juni 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki Februari 1879. Mtoto wa Kiislamu anayeambiwa kwamba dini yake ni ya kigeni katika nchi hii aijue miaka hii mitatu kama anavyolijua jina lake. Si kwa ajili ya kujigamba, maana dini zote tatu zilikuja kwa mguu kutoka mbali.

Wakati wa kurudi simameni Kasubi. Humo amelazwa Mutesa wa Kwanza, mwana wa Suuna, aliyefariki mwaka 1884, pamoja na makabaka watatu waliomfuata: Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Nyumba ile kubwa ya nyasi iliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, jambo lililowaliza watu wa dini zote, na imejengwa upya kwa utaratibu wa kale. Mutesa alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867 na akaendelea kwa takriban miaka kumi. Alijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, alijengesha misikiti, na akaamuru watu wake wasali na wafunge. Makabaka waliomtangulia walipokufa taya zao ziliondolewa na kuhifadhiwa katika nyumba ya peke yake. Mutesa ndiye wa kwanza kuzikwa mwili mzima, na wanahistoria wanaona humo athari ya mafundisho ya ufufuo aliyoyasikia kwa Waislamu kwanza na Wakristo baadaye.

Najua kuna wazazi watakaouliza: Maalim, unatupeleka makaburini kwenye mambo ya mizimu? Jibu langu ni fupi. Hatuendi kuomba kitu kwa maiti, wala kushiriki ibada ya mtu. Tunakwenda kutazama habari za waliotangulia, na kutembea ardhini kwa nia hiyo ni jambo ambalo Qur'ani inaliagiza mahali pengi. Waelezeni watoto tofauti hiyo mkiwa bado ndani ya gari, msisubiri mpaka mlangoni. Kina mama wetu mavazi hayatawasumbua, kwani mahali pale penyewe panataka mwanamke avae nguo ndefu, na viatu huvuliwa kama msikitini.

Ndani ya gari mnaweza kucheza mchezo ambao wanafunzi wangu wanaupenda. Mwambie mtoto ataje maneno ya Kiganda yaliyotoka kwa Waswahili na Waarabu. Ataanza na kitabo, eddiini, ekkalaamu, kisha hataacha mpaka mfike Owino. Wakristo wa kwanza wa Buganda walipotaka kusema neno dini au kitabu, walikuta maneno yamekwisha kufika.

Namugongo

Namugongo iko kaskazini-mashariki ya mji, si mbali hata kidogo, na kila tarehe 3 Juni nchi nzima hupumzika kwa ajili yake. Watoto wetu wengi wamekwishapelekwa na shule. Wanajua kwamba tarehe 3 Juni 1886 vijana wa Kikristo walichomwa moto hapo kwa amri ya Mwanga. Wanajua kwamba Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kati ya waliouawa wakati huo kuwa watakatifu mwaka 1964, na kwamba mwaka 1969 alikuja mwenyewe Uganda. Wameliona kanisa lile kubwa la mviringo lenye nguzo za chuma. Hayo yote ni kweli na ni haki yao kuyajua.

Wasiloambiwa ni kwamba miaka kumi hivi kabla ya hapo, mahali hapo hapo, waliuawa vijana wa Kiislamu.

Kisa chenyewe kinaanza na nyama. Mutesa alikuwa akisali na kufunga, lakini hakukubali kutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Akitaka kuwa imamu, aliswalisha. Wachinjaji wa ikulu nao hawakuwa wametahiriwa. Katikati ya miaka ya 1870 walikuja wageni kutoka upande wa Misri na Sudan, wakati Misri ilipokuwa ikitafuta kujipanua mpaka kwenye maziwa yetu, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na elimu ya dini. Wakawaambia vijana wa ikulu kwamba haifai kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, kwamba msikiti wa ikulu haukuelekezwa Qibla sawasawa, na kwamba nyama ile isiliwe. Vijana wakashika waliyofundishwa. Wakakataa nyama ya Kabaka, wakakataa kuswali nyuma yake.

Fikirieni ujasiri huo, ndugu zangu. Mtumishi wa ikulu, kijana mdogo, anasukuma pembeni sahani iliyotoka kwa mtu mwenye uhai wake mkononi. Kwa Mutesa huo ulikuwa uasi wa wazi, na tena alishuku kwamba nyuma ya mafundisho hayo iko Misri yenye majeshi. Akaamuru wakamatwe. Baadhi ya vitabu vinataja mwaka 1875 na vingine 1876, na hesabu inayotajwa mara nyingi kwa Namugongo ni takriban vijana 70, mbali na waliouawa kwingineko.

Kwa hiyo ardhi ile ilipokea damu ya Waislamu kwanza, kisha ya Wakatoliki na Waanglikana. Wote walikuwa vijana, wote walikuwa wasomi wa ikulu, na wote walikataa kumtii mfalme katika jambo moja la imani. Mimi husema kwamba mzazi Muislamu anayeogopa kumpeleka mtoto wake Namugongo kwa sababu ya misalaba anamnyima mtoto huyo makaburi ya ndugu zake. Ukilinganisha na lile kanisa, ukumbusho wa Waislamu ni mdogo mno, na hilo ni deni letu wenyewe. Wakatoliki walikusanya majina ya watu wao moja moja, wakaandika, wakafuatilia. Sisi tunabaki na hesabu tu, na majina mengi yamepotea.

Halafu mrudishe mtoto kwenye swali lake la kwanza. Mpaka leo katika nchi hii, katika masoko na mabucha, anayechinja kwa kawaida ni Muislamu, na Mkristo hununua na kula bila kuuliza. Mchinjaji yule anayechekwa shuleni ameshika kazi ambayo watu waliifia.

Barabara ya Masaka: Natete, Budo, Butambala

Sasa tunafika kwenye kiini cha jibu, na hapa nitakaa kidogo.

Ukitoka mjini kwa njia ya Masaka, unapita Natete. Leo ni viwanda, magari na vumbi, lakini zamani hapo ndipo walipokaa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na baadaye mmisionari Mackay alikuwa na karakana yake huko huko. Msimfiche mtoto biashara ile ilikuwa ni nini. Walileta nguo na bunduki, wakachukua pembe za ndovu na watumwa. Watu wale wale walioleta Qur'ani walinunua binadamu. Mtoto akiyasikia hayo kwako kwanza, hatatikisika atakapoyasikia kwa mwingine kwa nia mbaya.

Kisha mweleze vita. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo kwa pamoja walimwondoa Mwanga. Mwezi uliofuata tu Waislamu wakawageukia Wakristo na kuwafukuza Mengo. Walimweka Kalema, mwana wa Mutesa, aliyetahiriwa na kuitwa Rashid, Kabaka wa kwanza kufanya hivyo. Utawala wake ulidumu mwaka mmoja hivi. Katika mwaka huo watu walilazimishwa kutahiriwa, na Kalema aliwaua wana na mabinti wa ukoo wa kifalme aliowahofia, wakiwemo ndugu zake. Wako ndugu zetu wanaopenda kuutaja utawala wa Kalema kama enzi ya dhahabu. Mimi siwafuati katika hilo. Wakristo waliokimbilia Ankole walirudi mwaka 1889 na kupigana mpaka Mengo ikawa mikononi mwao, na kufikia mwanzo wa 1890 Kalema alikuwa mkimbizi upande wa Bunyoro. Alifia huko kwa ndui.

Uongozi wa Waislamu ukamwangukia Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa. Mwaka 1892 Mbogo alipatana na Lugard, akarejea na watu wake, na Waislamu wakapewa kaunti tatu ndogo: Busujju, Gomba na Butambala. Mwaka uliofuata ukazuka mzozo. Afisa Msudani aitwaye Selim Bey, Muislamu, aliyekuwa akiwatumikia Waingereza, alionekana kuwaunga mkono Waislamu wa Buganda katika malalamiko yao. Waingereza wakamnyang'anya silaha na kumpeleka pwani, akafia njiani Naivasha. Mbogo akapelekwa Zanzibar akakaa huko kwa muda kabla ya kurudishwa. Na zile kaunti tatu zikabaki moja tu, Butambala.

Ukifika Mpigi, unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kanoni. Mbele yako kuna migomba, mibuni, misikiti midogo kila baada ya mwendo, kina mama wenye hijabu wakirudi kutoka shambani. Vijiji vya Gombe, Kibibi na Kabasanda vimejaa wazee ambao babu zao walikuja na Mbogo. Mwonyeshe mtoto ukubwa wa mahali penyewe. Saa moja haiishi umeivuka. Mapatano ya mwaka 1900 yaligawa Buganda katika kaunti 20, na hii moja ndiyo iliyokuwa ya chifu Muislamu. Nyingine zote zilikwenda kwa machifu wa Kiprotestanti na Kikatoliki. Hapo mtoto amepata jibu la nani aligawa vilima.

Mnaporudi, kabla ya kuingia mjini, mwonyesheni kilima cha Budo. Shule ya King's College ilianzishwa hapo mwaka 1906, na mwaka huo huo Wakatoliki walianzisha St. Mary's Kisubi, upande wa njia ya Entebbe. Serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari kazi yote ya elimu kwa miongo kadhaa. Kutoka shule hizo walitoka makarani, machifu, waganga na wanasheria. Mzazi Muislamu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ampeleke mwanawe shule ya misheni, ambako angetakiwa kujifunza katekisimu na mara nyingi kubatizwa, au ambakishe nyumbani na Qur'ani yake. Wengi walimbakisha.

Mtoto aliyebaki nyumbani alikua, naye alihitaji kula. Ofisi ya serikali hakuipata kwa kuwa hakuwa na cheti. Ziliobaki ni kazi zisizouliza cheti: kuchinja, kuuza dukani na sokoni, na lilipokuja gari, kuendesha gari. Mwanawe akamrithi, na mjukuu akamrithi mwanawe. Hivyo ndivyo tulivyojaa katika bustani za takisi na katika Owino. Wazazi wale walipenda elimu. Walikataa bei iliyowekwa juu yake.

Ni katika miaka ya 1940 ndipo Waislamu walipoanza kujenga shule zao kwa mpango chini ya Prince Badru Kakungulu, mwana wa Mbogo, aliyezaliwa 1907 na kufariki 1991. Kibuli, kile kilima mlichokiona kutoka mnarani, ni ardhi aliyoitoa yeye. Msikiti wake ulifunguliwa mwaka 1951, na leo pana shule, chuo cha ualimu na hospitali. Baadaye, mwaka 1988, kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale. Lakini hiyo ni safari ya kulala, si ya siku moja.

Bombo

Njia ya Gulu, kilomita thelathini na tano. Hii ni safari fupi lakini watoto huikumbuka kuliko zote, kwa sababu wanasikia Kinubi. Mwaka 1891 Lugard alikwenda mpaka karibu na Ziwa Albert akawachukua askari Wasudani waliokuwa chini ya Emin Pasha na waliobaki huko na Selim Bey. Watu hao walitoka makabila mengi ya Sudan ya kusini na kaskazini ya Uganda, wakaunganishwa na jeshi, Uislamu na Kiarabu chao cha kambini. Mwaka 1897 sehemu yao waliasi kwa sababu ya mishahara duni na safari zisizokwisha. Waliobaki na vizazi vyao wakakaa Bombo, iliyokuwa makao ya jeshi. Kina mama wa Kinubi wanasuka vifuniko vya chakula vya rangi ambavyo sijaona mfano wake kwingine Uganda. Nunueni kimoja.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Wanubi wengi walikimbia Bombo kwa kuwa walihesabiwa kuwa watu wake, wawe wameshika bunduki au hawajaishika. Miaka ikapita wakarudi. Katiba ya 1995 inawataja miongoni mwa makabila ya asili ya nchi hii, na wenyewe watakuambia kwamba mstari huo mmoja uliwagharimu miaka mia.

Bombo ndipo pia pa kumweleza mtoto kwa nini Kiswahili hakikukua Uganda kama kwa jirani zetu. Kilikuwa lugha ya askari na ya Waislamu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kipewe nafasi kubwa shuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa akapinga, maaskofu nao wakapinga. Ni mwaka 2005 tu ndipo Katiba ilipokitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Sokoni Owino hatukungoja Katiba. Anayekuja kununua kutoka Goma au Kisumu tunamuuzia kwa lugha gani?

Njia ya Jinja

Hii wengi mnaijua, nitapita haraka. Msitu wa Mabira, mashamba ya miwa ya Lugazi, kisha daraja jipya la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018. Pale mto unapoanza kuna ukumbusho wa Speke aliyefika tarehe 28 Julai 1862. Mwongezee mtoto kwamba Speke alikuja na msafara wa watu waliozungumza Kiswahili kutoka Unguja, na kiongozi wao mmoja, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India. Mwongezee pia kwamba Wasoga waliokuwa wakivua pale hawakuhitaji kugunduliwa. Mjini Jinja tazameni maghorofa ya zamani ya Wahindi, baadhi yao wakiwa Waislamu, waliopewa siku 90 za kuondoka mwaka 1972. Majina na miaka bado yameandikwa juu ya milango.

Kuku wa kuchoma na gonja za Namawojjolo ni sehemu ya safari, lakini muulize muuzaji nani kachinja. Hawachukii, wamezoea. Kuhusu swala, safari za Namugongo, Bombo na Butambala ni fupi, mtaswali kamili. Jinja ni kilomita 80 hivi, mpakani kabisa mwa kipimo ambacho wanazuoni wengi wanakitaja, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, si mkiwa mmekwisha simama safu. Ondokeni Jinja saa tisa alasiri, la sivyo jamu ya Bweyogerere itawakuta na Maghribi barabarani.

Ombi langu moja kwa wanaokwenda Butambala na Bombo. Chukueni daftari. Baada ya Adhuhuri, msikiti wowote mtakaouingia, atakuwepo mzee mmoja amebaki ameegemea ukuta. Mtoto amsalimie, akae mbele yake kwa adabu, amuulize babu yake alitoka wapi, na nani katika ukoo wake alipelekwa shule na nani alikataa. Aandike majina yote atakayotajiwa, na tarehe ya siku hiyo. Daftari likijaa, lileteni madrasa. Tumekwishatenga rafu kwa ajili yake, na mpaka sasa lina madaftari manne.

Wabillahi tawfiq.